London kwa miguu, majani yanapopukutika

Ukimwambia mtu unakwenda London, hakuulizi utatembea wapi. Anakuuliza utamletea nini. Na ukirudi anataka picha: Big Ben, lile daraja linalofunguka katikati, askari wa mfalme wenye kofia za manyoya, na wewe mwenyewe Oxford Street umebeba mifuko ya shopingi mkono huu na huu. Kama huna picha hizo, basi hukufika.

Mimi nilikaa wiki tatu na picha za namna hiyo ninazo mbili tu. Siku nyingine zote nilikuwa natembea kwa miguu, mkono wangu umo ndani ya mfuko wa koti la mume wangu, kwenye mitaa ya kaskazini mwa jiji ambako mabasi ya watalii hayapiti. East Finchley, Hampstead Garden Suburb, Highgate, Muswell Hill. Ni mitaa ya watu kuishi, siyo ya watu kuja kushangaa. Na nawaambieni, hasa nyinyi wenye ndoa changa na nyinyi mnaopendana kwa mbali: mkiwa na jambo zito la kuzungumza, msikae mezani mkatazamana kama mko kwenye usaili. Vaeni viatu mkatembee.

Tulikuwa na jambo

Sisi letu lilikuwepo. Mume wangu alikwenda huko kusoma shahada ya uzamili, mwaka mmoja. Mimi nilibaki Dar na kazi yangu na mtoto wetu wa miaka minne, tukisaidiwa na bibi yake. Septemba akamaliza tasnifu yake, na kabla hatujaanza kupanga sherehe ya kumpokea, akapata ofa ya kazi hukohuko. Mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri tu.

Tukajaribu kulizungumza kwenye simu. Lakini simu, jamani, ina tabia yake. Ukinyamaza sekunde tatu tu ufikirie, mwenzako anaanza, "Haloo? Upo? Mtandao umekata?" Simu hairuhusu kimya, na maneno mengine hayatoki mpaka mtu anyamaze kwanza. Mwisho akasema, "Mke wangu, chukua likizo uje. Hili siyo la WhatsApp." Nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikafika katikati ya Oktoba.

Chumba alichopanga kilikuwa East Finchley, kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kufungua kabati, mwingine apande kitandani. Kukaa mle kutwa nzima haiwezekani. Kwenda mjini kila siku ni hela. Kilichobaki ni barabara, na barabara ni bure.

Vuli yao siyo vuli yetu

Kamusi zetu zinayaita majira yale vuli. Lakini vuli ya kwetu tunaijua: ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, matope, umeme kukatika, na watu wa shamba wakikimbilia kupanda. Vuli ni kuchipua. Vuli ya Waingereza ni kinyume chake kabisa. Kila kitu kinafunga biashara.

Siku ya kwanza nilisimama katikati ya njia kama mtoto. Mtaa mzima ulikuwa wa dhahabu. Majani juu, majani chini, majani juu ya magari yaliyoegeshwa, na mengine yamenata kwenye vioo kama stika. Ukitembea yanalia chini ya miguu, chwa, chwa, chwa, na mvua ikishapita hayalii tena, yanateleza. Niliponea chupuchupu mara mbili.

Kinachotokea ni hiki. Ukijani wa jani unatokana na klorofili. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza klorofili mpya, na ile ya zamani inavunjikavunjika. Ndipo njano inapojitokeza. Hiyo njano haikuja leo, ilikuwemo jani lilipokuwa kijani, ila ilikuwa imefunikwa. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo baadhi ya miti inaitengeneza wakati huohuo. Halafu mti unaweka kizibo pale kikonyo kinaposhikana na tawi, jani linakosa maji, upepo mdogo tu linaachia.

Nilikaa na hilo la njano siku nzima. Kuna mambo kati ya watu wawili ambayo yapo siku zote, ila yamefunikwa na shughuli: kazi, ada, foleni, mtoto anakohoa. Shughuli zikipungua ndiyo unayaona.

Nyumba zisizo na ukuta

Nyumba za East Finchley nyingi ni za matofali mekundu, ama zimeungana mstari mzima ama ni pacha, mbili mbili zimeegemeana mgongo. Mbele kila moja ina kibustani cha hatua nne tano, pipa la taka lenye magurudumu, na mlango uliopakwa rangi yake. Mwisho wa Oktoba wanaweka maboga mlangoni, yamechongwa macho na meno, kwa ajili ya Halloween ya tarehe 31. Mimi kila nikiyaona nilikuwa nafikiria futari ya nazi inavyopotea.

Utaratibu mwingine ulionifurahisha: mtu akiwa na kitu asichokihitaji lakini bado kizima, anakiweka nje kwenye kijiukuta chake na kikaratasi cha kusema chukua ukipenda. Vitabu, vikombe, fremu za picha. Asubuhi moja tulikuta mabuti ya mvua ya mtoto, rangi ya njano, hayana hata mkwaruzo. Nikayageuza nyuma nikaangalia namba. Ya mwanetu kabisa. Mume wangu akayachukua, akayabeba mkononi matembezi yote yale bila kusema kitu. Nami sikusema.

Ukitoka pale kuelekea magharibi, dakika chache tu, unaingia Hampstead Garden Suburb, na hapo ndipo hadithi inanoga. Mtaa huu ulianza kujengwa mwaka 1907, na ni wazo la mwanamke mmoja, Henrietta Barnett. Yeye na mumewe Samuel, aliyekuwa mchungaji wa Anglikana, walikuwa wamefanya kazi miaka mingi Whitechapel, upande wa mashariki wa London ambako watu maskini walibanana kwenye vyumba visivyo na hewa. Mwaka 1884 wawili hao walianzisha Toynbee Hall, ambako vijana waliotoka vyuo vikuu walikuja kuishi na kufanya kazi katikati ya maskini. Baadaye mama huyu akasikia treni ya chini ya ardhi inaletwa Golders Green. Akajua kitakachofuata ni nyumba kujazana mpaka kwenye mbuga ya Hampstead Heath. Akachangisha fedha, sehemu ya mashamba ikaokolewa ikaunganishwa na mbuga, na pembeni yake akaamua kujenga mtaa wa aina yake.

Masharti yake yalikuwa kama ya mama mwenye nyumba asiyetaka mchezo. Nyumba zisizidi nane kwa ekari. Barabara ziwe pana na ziwe na miti. Kati ya jirani na jirani pasijengwe ukuta, iwe michongoma. Misitu na bustani ziwe za watu wote. Kelele hapana, hata kengele za kanisa zisipigwe. Na kubwa kuliko yote: matajiri na wafanyakazi wa kipato cha chini waishi mtaa mmoja. Ramani walichora Raymond Unwin na Barry Parker. Uwanja wa katikati, wenye makanisa mawili yanayotazamana, ni kazi ya Edwin Lutyens, yuleyule aliyekuja kushiriki kuuchora mji wa New Delhi.

Tulizunguka mle saa tatu nzima. Hakuna duka, hakuna baa, hakuna honi. Michongoma yake imekatwa ikanyooka kama kichwa kilichotoka kinyozi. Hata leo ukitaka kuondoa wigo wako au kubadilisha madirisha, kuna chombo cha kulinda mtaa ambacho lazima ukiombe ruhusa. Lile la matajiri na wafanyakazi kuishi pamoja ndilo lililoshindwa na soko. Nyumba ndogo zilizojengwa kwa ajili ya mafundi na vibarua siku hizi zinauzwa kwa bei ambayo fundi haigusi.

Lakini michongoma imebaki, na mimi imenirudisha mbali. Nimekulia Tanga, Chumbageni. Nyumba yetu ilikuwa na michongoma, na mama yangu alikuwa anaongea na jirani kupitia juu yake, wanapeana chumvi, wanapeana habari. Sasa hivi Dar mtu akinunua kiwanja anajenga ukuta kabla ya msingi wa nyumba, na juu yake anaweka vigae vya chupa au nyaya za umeme. Hata Oysterbay, ambayo Waingereza waliitenga kwa ajili ya Wazungu wakaipanga kwa viwanja vikubwa na miti mingi, ukitembea leo unatembea kati ya kuta na mageti. Najua sababu, nami si mgeni wa wezi. Ila nilimwambia mume wangu, "Nyumba yetu ya Goba, mbele tuweke michongoma." Akacheka. "Kwanza iwe nyumba," akasema.

Ikawa ndiyo mara ya kwanza kuitaja ile nyumba.

Majumba ya giza

Mpakani mwa East Finchley na Hampstead kuna barabara moja inaitwa The Bishops Avenue. Watu wa London wanaiita mtaa wa mabilionea. Kuna majumba pale yana nguzo mbele kama mahakama, mageti ya chuma ya kupitisha lori, na kamera kila kona. Tulipita jioni. Tulichokitegemea ni mataa, magari, watoto. Tulichokikuta ni giza. Nyumba moja ina taa, inayofuata haina, inayofuata madirisha yamezibwa kwa mbao na majani yamerundikana mlangoni bila mtu wa kufagia. Mwaka 2014 magazeti ya kule yaliandika kwamba mengi ya majumba haya yamekaa matupu miaka na miaka na mengine yameanza kuoza, kwa sababu wenyewe waliyanunua kama watu wanavyoweka hela benki.

Mume wangu alisimama mbele ya moja.

"Hapa unadhani analala nani?"

"Mlinzi," nikamjibu.

"Hata mlinzi hayupo."

Tukasimama pale mpaka baridi ikatutoa. Mimi nilikuja London na hesabu zangu. Nilikuwa nimeshapiga: miaka miwili ya mshahara ule, ukitoa kodi na matumizi, Goba tunaezeka, tunaweka tailizi, tunahamia. Nilikuja kumwambia achukue kazi. Na yeye, kumbe, mwaka mzima alikuwa anaamini mimi nataka arudi, na ndiyo maana kila simu alikuwa anaanza na kujitetea. Wote wawili tulikuwa tunajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Siku saa ziliporudi nyuma

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wanarudisha saa nyuma. Saa nane ya usiku inakuwa saa saba. Asubuhi ile unalala saa moja zaidi, unafurahi, halafu jioni ndiyo unajua umelipia nini. Nilipofika, jua lilikuwa linazama saa kumi na mbili na dakika kidogo, kama Dar tu. Baada ya Jumapili ile, saa kumi na nusu hivi, giza. Watu wanatoka kazini usiku.

Na tofauti ya saa kati ya London na nyumbani, ambayo msimu wa joto ni saa mbili, ikawa tatu. Jioni ile tulipiga simu kumsalimia mtoto. Kwetu sisi ilikuwa saa kumi na moja na nusu, kwao saa mbili na nusu usiku. Bibi akasema ameshalala, amekusubirini mpaka amechoka. Mume wangu akakata simu taratibu, akaiweka kifudifudi mezani.

Kesho yake tukatoka mapema tuwahi mwanga. Tulipita Highgate Wood, msitu wa hekta 28 ndani ya jiji, ulio mikononi mwa halmashauri ya City of London tangu 1886. Miti yake mingi ni mialoni, kuchakuro wanakimbia huku na huko wakifukia chakula cha baridi, na katikati kuna mgahawa wa kupata chai. Ukitoka upande wa pili unaingia kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita pale ilipokuwa reli. Treni za abiria ziliacha kupita hapo mwaka 1954. Reli iling'olewa, miti ikajiotea. Kuna sehemu karibu na Muswell Hill ambapo njia inapanda juu ya daraja la zamani la matofali, na ghafla miti inafunguka unaiona London yote kule chini, maghorofa ya vioo yanang'aa kama sahani zilizoanikwa.

Ndipo tulipoongea. Wala hatukutazamana. Wote tulikuwa tunaangalia jiji.

"Miaka miwili, mtoto ataanza darasa la kwanza mimi sipo," akasema.

"Na nyumba?"

Akanyamaza. Safari hii hakuna aliyeuliza kama mtandao umekata. Baiskeli moja ilipita nyuma yetu, halafu mama mmoja na mbwa, halafu majani. Nadhani zilipita dakika tano.

"Nitawaomba mwaka mmoja," akasema. "Wakikataa, narudi."

Tukaendelea kutembea hadi Alexandra Palace, jumba kubwa juu ya kilima. Lilifunguliwa mwaka 1873 na likaungua baada ya siku 16. Hawakukata tamaa, mwaka 1875 lilikuwa limesimama tena. Na tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilianzia hapo matangazo yake ya kawaida ya televisheni. Tulikaa kwenye benchi tukala sandwichi zetu za mayai, mikono imekufa ganzi, tukiwa wepesi kuliko tulivyokuwa kwa mwaka mzima.

Ikawaje?

Walikataa. Desemba alirudi. Nyumba ya Goba bado iko kwenye linta, na siku nyingine nikipita pale nikaona nondo zinavyopata kutu, zile hesabu zangu zinanijia tena. Sitawadanganya kwamba uamuzi mzuri hauna gharama. Ila huyu mtoto sasa anapelekwa shule na baba yake, na mvua za vuli zikinyesha, vuli yetu sisi, anavaa yale mabuti ya njano anakwenda kutafuta dimbwi kwa makusudi.

Kama na nyinyi mnataka kujaribu

Ukipata safari ya London, lenga katikati ya Oktoba mpaka wiki ya kwanza ya Novemba. Panda treni ya Northern line mpaka East Finchley. Ukishuka utamwona juu ya kituo mpiga mishale aliyepiga goti kama ametoka kuachia mshale. Aliwekwa pale mwaka 1940. Kutoka hapo kila nilipopataja panafikika kwa miguu. Kuna pia njia ya matembezi inayozunguka jiji zima, Capital Ring, kilomita 126 zilizogawanywa vipande 15, na mmojawapo unapita Highgate Wood. Vaa nguo nyepesi nyingi badala ya sweta moja zito, viatu viwe na meno kwa sababu majani mabichi hayana urafiki, na baada ya saa kurudi nyuma anza mapema. Usichungulie madirisha ya watu wala kupiga picha za watoto wao.

Na kama safari ya London haipo mwaka huu, Oktoba ni Oktoba popote. Moshi, mitaa ya Shanty Town, mijakaranda inamwaga maua ya zambarau barabarani, Nairobi vilevile. Dar nenda Upanga Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya bodaboda kuamka. Simu mmoja tu abebe, na iwe imezimwa sauti. Kaa upande wa ndani wa barabara au umpishe mwenzako akae, shikaneni mikono, na msianze na lile jambo zito. Lenyewe litakuja, kwenye kona ya tatu au ya nne. Likija, usikimbilie kulijibu. Tembeeni kwanza.